Ufito Niliouvunja, na Shikamoo Yangu

Magesa,

Nimekuzidi miaka tisa, na hilo unalijua, kwa hiyo barua hii haianzi na salamu. Inasubiri yako. Kwetu huku mtu akimpita mkubwa wake bila shikamoo, hata mbwa wa nyumba ile wanainua kichwa kumtazama. Wewe ulinipita miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi pale kwenye geti la shamba la ngano, mikono ina grisi mpaka viwikoni, unaniambia, "Vipi, Mzee Ng'ombe." Nilipokugombeza ukanijibu mbele ya madereva wote wa kombaini: "Shikamoo yako iko ziwani. Siku utakayovua samaki kwa mkono wako nitakuamkia, tena kwa kupiga goti."

Madereva wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilijua sitavua. Mtu wa Tlawi avue nini? Kule milimani maji ni ya kunyweshea ng'ombe na kuogea Jumamosi. Bibi yangu alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyekosa adabu akafukuzwa nchi kavu. Nimezeeka bila kumwonja.

Mwandiko uuvumilie. Darasa langu ni mbili na nusu, na herufi zilizobaki nimezipata kwenye kisomo cha watu wazima, ambako nilikuwa nakaa nyuma kabisa ili nisinzie bila kumsumbua mwalimu. Nimekaa juu ya jiwe karibu na kaburi lako, hapa Nangwa pembeni ya shamba langu la mahindi. Mlima nimeupa mgongo kwa sababu leo una upepo wa chuki. Karatasi imetoka ofisi ya shamba la ngano. Usiulize imetokaje.

Nikupe kwanza habari za kazini. Kombaini lako namba nne limesimama tangu ulipoondoka. Liko nyuma ya karakana na kuku wa mpishi wanataga ndani yake. Fundi aliyeletwa kwenye nafasi yako ana cheti na miwani, na injini ikikohoa anafungua kitabu kwanza. Si mtu mbaya. Ananipa shikamoo kila asubuhi, mikono miwili, kichwa chini. Na kila akinipa nasikia kama kanikanyaga kidole.

Wale wataalamu wa kigeni wa ngano, wengi wameshaondoka. Yule mrefu aliyekuuzia ufito wako wa kuvulia alikuja hapa kaburini kuaga. Akavua kofia, akasema maneno ya kwao polepole, na mimi nikaitikia amina kwa sauti nzito. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nina maji ya kunywa.

Na lile benchi letu la getini. Unakumbuka lina mguu mmoja mfupi? Ulipokaa wewe upande ule lilitulia. Sasa nikikaa peke yangu linanimwaga. Nimeliwekea jiwe, jiwe linatoka. Siku hizi nalinda ngano ya serikali nikiwa nimesimama kama askari wa kweli, na miguu hii si ya kazi hiyo.

Haya. Nimelizunguka jambo lililonileta kama ng'ombe anavyozunguka josho. Niingie tu.

Ufito wako niliuvunja mimi.

Wiki ile ya mwisho hospitalini uliniuliza, "Ufito wangu upo?" Nikakujibu upo, umetundikwa juu ya kitanda changu, hata panya wakipita wanaupigia saluti. Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, muuguzi akanifukuza. Nikatoka nje nikasimama ukutani. Haukuwepo, Magesa. Ulikuwa umekwisha siku tatu kabla.

Nikueleze ilivyokuwa, unitukane vizuri.

Ulipolazwa uliniachia ufito na rili yake, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, nikutunzie. Siku ile ya Jumatano nikaamua niende ziwani Basotu nikuvulie samaki hata mmoja, nikuletee hospitalini kwenye karatasi, nione sura yako. Hiyo ndiyo ilikuwa nia, na kama huko mliko kuna daftari la nia njema naomba iandikwe. Nikakata njia pembeni ya ngano, ufito begani kama mkubwa fulani. Nikaona mgongo wa ng'ombe ndani ya ngano. Yuko mpaka tumboni, anakula kama yuko harusini. Nikatazama vizuri: ni yule wangu mwekundu.

Sasa mimi ndiye mlinzi. Mimi ndiye niliyewafukuzia watu ng'ombe wao kwenye ngano ile miaka yote, na kuwatukana wenyewe ukoo kwa ukoo. Na kwa mbali vumbi la gari la msimamizi limeshainuka. Mkono ulifanya kile ulichozoea kufanya tangu nina miaka mitano. Nilimchapa kiunoni kwa kitu kilichokuwa mkononi.

Ufito ulilia kama mfupa wa kuku. Nikabaki nimeshika kishikio. Yule mwekundu akageuka taratibu, akaikanyaga rili yako kwa mguu wa nyuma, akaenda zake huku anatafuna. Nadhani hata hakujua kwamba amepigwa.

Nikakumbuka maneno yako. Jumapili zile nilizokufuata ziwani kukukejeli, ulikuwa unanipa nishike. "Shika, Mzee Ng'ombe. Huu haupigi. Huu unasikiliza." Nilikuwa naushika kidogo nakurudishia upesi, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe na mtoto amekojoa. Na wewe unajisifu, kifua mbele, ati tangu uzaliwe kule kwenu ziwani hujawahi kuvunja ufito hata mmoja. Hilo tutalirudia.

Turudi hospitalini. Kikohozi kilipotulia, nikaruhusiwa kurudi ndani, ukanishika mkono. Wewe ambaye hukuwa mtu wa kushikana mikono. Ukasema, "Wakija kuniwekea msalaba kaburini, nataka watu wale samaki. Asinunuliwe. Uvue wewe." Nikasema nitavua. Nilikuwa nimeshadanganya mara moja siku hiyo, na ya pili ilitoka yenyewe, laini.

Ukafa usiku wa kuamkia Jumatatu. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Singida, na kwenu ni mbali hata kwa mtu aliye hai. Nikawaambia wenzetu wa kazini wakuzike kwangu. Mke wangu Martha aliuliza mara moja tu, kama sisi ni ukoo. Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Kisha ikaja barua ya dada yako Nyangeta: ngano ikishavunwa atakuja kuweka msalaba. Nikahesabu miezi kwa vidole. Hapo ule uongo wa pili ukaanza kunisumbua kuliko wa kwanza. Wa kwanza ulishakufa nao. Wa pili ulikuwa bado unaweza kuwa kweli, kama mzee mmoja asiyejua kichwa cha samaki kiko wapi angetafuta ufito na kwenda ziwani.

Nikauza kondoo, yule wa pembe moja, nikaenda Katesh kwa Bwana Idi. Unamjua, duka lake lina chumvi, viberiti, mafuta ya taa yakipatikana, na vile vitu wataalamu wanavyoviacha wakiondoka. Safari hii alikuwa na jokofu lisilo na umeme wa kulitosha, na viatu viwili vyenye visu chini ya soli, ambavyo mpaka leo Katesh nzima haijajua ni vya kuchinjia nini. Na ukutani fito mbili za kuvulia. Moja nene, nyeusi, inang'aa. Nyingine nyembamba, rangi imebabuka, imeungwa katikati kwa bomba dogo la shaba.

Sasa mimi naambiwa nini kuhusu fimbo? Nimechunga tangu sijavaa kaptula. Nikaishusha ile nene, nikagonga nayo sakafu, nikaiegemea kwa uzito wangu wote, haikupinda hata kidogo. Nikaipeperusha juu ya kichwa cha Bwana Idi mpaka kofia yake ikasogea. Hii ndiyo. Bwana Idi ni mtu wa adabu, aliniambia shikamoo mara ya pili kabla ya kunipinga, akasema, "Mzee, huo ni wa baharini, wa samaki wakubwa. Kwa Basotu chukua huu mwembamba, tena bei yake ni nafuu." Nikamjibu kwamba bahari ni maji na ziwa ni maji, na kwamba fimbo nyembamba ni ya kuchapia watoto wa shule.

Kwenye rili nikafanya hivyohivyo. Ndogo ilikuwepo, ya kijivu, imechakaa kidogo. Na kubwa, inameta, ina vitufe pande zote. Nikachukua kubwa. Mtu anayenunua dume hachagui lenye korodani ndogo.

Kondoo mzima akaishia hapo. Mshipi sikununua, ndoana sikununua, haikubaki hata ya soda. Nikafunga kwenye rili ule uzi wa kushonea magunia ya ngano, uliojaa ghalani. Ndoana nikaikunja kwa spoku ya baiskeli. Kwa uzito nikafunga nati ya kombaini lako namba nne. Unajikuna huko kaburini, najua.

Jumapili ya kwanza nilirusha mara moja. Uzi uligoma, nati ikachomoka peke yake, ikapiga maji kama jiwe la mzinga. Samaki wote wa Basotu nadhani walihamia Singida. Jumapili ya pili nilipata akili ya kurusha karibu, nikashika huo mti mzito mpaka bega likafa ganzi. Sikusikia kitu. Lakini kila nikivuta, chambo kimeliwa, ndoana safi kama sahani ya mwanakwaya. Walikuwa wanakula pale chini, Magesa, na mti mnene hauniambii. Kanisani katekista akauliza mbele ya watu kama mimi Tluway nimehama dini au ni mgonjwa.

Jumapili ya tatu uzi wa magunia ulijisokota ndani ya ile rili kubwa mpaka ikawa kama kiota cha kunguru. Nikakaa chini nikaanza kuukata kwa kisu, kipande kwa kipande. Palikuwa na upepo tu, na lile jiwe bapa ulilokuwa unakalia. Sijui ni nini kilichonipata. Wiki mbili zilikuwa zimebaki dada yako aje. Machozi yakaanza kumwagika. Aliponikaribia yule mama anayekaanga perege pale ufukweni, Mama Zaituni, nikamwambia ni moshi. Akatazama pande zote. Hapakuwa na moto mahali popote.

Mungu amlipe mama yule. Aliniamkia kwanza vizuri, kisha akauinua mti wangu kwa mikono miwili na kuuliza, "Babu, hii unavulia samaki au unazuilia lori?" Nikamweleza kwamba ni ya rafiki yangu. Yaani ni kwa ajili yake. Akasema, "Yule fundi aliyekuwa anacheka peke yake?" Nikasema huyo. Basi akakaa juu ya jiwe lako, bila kuomba ruhusa, akanifundisha.

Na mimi nitakueleza alichonifundisha, maana wewe ulikuwa unajua tu kwa mkono, hukuwahi kunieleza kwa maneno, na nina wasiwasi kwamba ulifanya makusudi. Alisema samaki wa hapa ni wadogo, mdomo wao mwepesi, kwa hiyo anayeanza anataka ufito mwepesi, urefu wake umfikie mkono akiuinua juu, au uzidi kidogo. Ushike kwa mkono mmoja, tikisa. Ncha iiname kama bua la ngano lenye suke na irudi yenyewe, lakini huku chini karibu na mkono ibaki imara. Usipoinama hautakusikilizisha kitu. Kiungo cha katikati kisigonge ukitikisa. Kisha chukua pamba kidogo, ipitishe ndani ya kila pete ile mshipi unamopita. Pamba ikinasa, na mshipi utakatika hapohapo, siku yenye samaki. Rili iweke sikioni, uizungushe: isisage mchanga, mpini wake usicheze kama jino bovu. Na ikiwa ndogo, ni vizuri, kubwa inakuchosha bure. Pesa utakayookoa kwenye kung'aa, akasema, inunue mshipi mzuri na ndoana ndogo, kwa sababu samaki haoni ufito wako, anaona ndoana.

Magesa, nililinganisha maneno hayo na yako manne. Huu haupigi. Huu unasikiliza. Yalikuwa yaleyale. Mtu mzima nimehitaji kondoo mmoja na mama wa perege ili niyasikie.

Nikarudi Katesh. Bwana Idi akanionyesha kibao chake: kilichotoka dukani hakirudi. Nikamwambia sawa kabisa, ila miguu inaniuma, nitapumzika hapa mlangoni, na kila mteja anayeingia nitamsimulia habari za tumbo langu, toka mdomoni mpaka mwisho wa safari. Nikaanza na mama mmoja aliyefuata chumvi. Bwana Idi alisikiliza mpaka kwenye utumbo mdogo, akasema, "Babu, ingia, tuelewane."

Safari hii nilichagua kama fundi, ungeniona. Nilitikisa ule mwembamba, ncha ikainama ikarudi. Nikachomoa pamba kwenye godoro lake la kuuza, nikapitisha pete zote, ya pili kutoka juu ikanasa, akaisugua kwa msasa mpaka ikalainika. Rili ndogo nikaiweka sikioni nikaizungusha muda mrefu, wateja wakadhani napiga simu. Ikaimba vizuri. Na kwa sababu vyote viwili vilikuwa vya bei ya chini kuliko vile vyangu vya kifahari, tofauti akanipa kwa mshipi wa kweli na ndoana nne ndogo. Tukaagana kwa amani. Akaniambia nikirudi tena nimpe taarifa mapema, afunge.

Kikakosekana kimoja: boya, kile kidude cha kuelea kinachokuonyesha kwamba samaki ameuma. Ndipo nikafungua gunia nililoficha vipande vya ufito wako. Kishikio chako, unakumbuka, kilikuwa laini na chepesi kama kizibo cha chupa. Na kina alama za meno yako, maana ulikuwa unakiuma ukifunga ndoana kwa mikono miwili. Nikakata pale penye meno. Nikakitoboa, nikapitisha mshipi.

Jumamosi ile, kesho yake ndiyo msalaba, dada yako yuko kwenye basi. Minyoo niliichimba kwenye samadi ya yule ng'ombe mwekundu, lazima naye achangie. Nikafika ziwani umande haujakauka. Sikukaa kwenye jiwe lako. Nilikaa kulia kwake kama siku zote. Nikarusha, si mbali. Mshipi ukatoka bila kelele, nikauwekea kidole kimoja kama alivyonionyesha Mama Zaituni, nikatulia.

Nikatulia sana. Sijawahi kutulia hivyo hata kwenye mahubiri, na huko huwa nalala. Jua likapanda, boya lako limekaa juu ya maji na meno yake, halisemi. Nikaanza kupanga namna ya kumwambia dada yako. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya pili.

Likazama mara moja, likarudi.

Nikasema kwa sauti, "Magesa, acha utani."

Likazama tena, halikurudi. Ncha ya ufito ikainama, na kidole changu kikasikia. Sikujua kwamba ni kitu cha namna ile. Ni kama mtu anakuvuta shati kwa nyuma, taratibu, umgeuzie uso. Nikazungusha rili, sijui haraka, sijui polepole, na akatoka majini anametameta, perege, urefu wa kiganja changu na vidole.

Nikageuka kushoto. Mdomo ulikuwa wazi tayari, maneno yamejipanga, Haya mbwa wewe, piga goti.

Kwenye jiwe lako alikuwepo ndege mmoja mweupe, na yeye alikuwa anamtazama samaki.

Nikasubiri. Nakuambia ukweli, kwa kuwa leo ni siku yake. Nilijua hakuna mtu, nina akili zangu, lakini nilisubiri kama anavyosubiri mtu aliyebisha hodi na amesikia vyombo ndani. Kisha nikarusha tena na tena mpaka mchana. Hakuja mwingine. Ulikuwa umeagiza samaki, nikakuletea samaki.

Kesho yake tuliweka msalaba. Martha alikataa sufuria yake iingiwe na nyoka wa bibi yangu, akatoa debe lililokatwa, lile la kuchemshia maji ya kuku. Dada yako akampika humo kwa nyanya na kitunguu. Alipoona ni mmoja, tena wa kiganja, aliuliza wengine wako wapi. Nikasema wanakuja kwa miguu. Katekista alitazama debe, akatazama watu waliojaa uwanjani, akasema leo tuombe kwa imani kubwa. Kila mtu alipata kiasi cha ncha ya kidole juu ya ugali. Watu wa Nangwa ambao hawajawahi kumweka samaki mdomoni walimweka kwa ajili yako. Wengine walifumba macho. Martha alimmeza bila kutafuna kama anameza klorokwini. Baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba anafuta mchuzi wa debe kwa ugali, nikarudi kwa kunyata, sikumwambia.

Mimi nilikula kipande cha mkia. Nyangeta ndiye aliyenipa, akasema cha mvuvi. Si kibaya. Miaka kumi na mmoja ulikuwa unaniambia si kibaya.

Jioni nilimtolea dada yako lile gunia, nikamweleza yote, ng'ombe, hospitali, panya wa saluti. Sikumficha. Alishika vipande akavitazama, nikajua sasa nafukuzwa kwenye msiba wangu mwenyewe. Akaanza kucheka, kicheko kama chako, kile cha kuishiwa pumzi. Akasema, "Kaka alivunja fito tatu za baba. Zote kwa kuchapia mbuzi."

Tatu, Magesa. Mbuzi. Na kifua mbele kila Jumapili, ati tangu uzaliwe. Miaka yote hiyo nimekaa na mwongo mwenzangu na sikujua. Nilicheka naye mpaka machozi, kisha yeye akanyamaza na mimi sikuweza kunyamaza. Akaniwekea mkono mgongoni, akaniita kaka. Asubuhi akapanda basi.

Tangu hapo ni kimya. Ni hilo tu ninalotaka kukulalamikia. Watu wananiheshimu sana. Nimekuwa mzee wa kuamkiwa na kupishwa njiani, hakuna hata mmoja aliyenitukana kwa kuvunja ufito wa watu. Nikifanya ujinga najicheka mwenyewe, na kicheko cha mtu mmoja hakifiki mbali.

Sasa jua linaingia nyuma ya mahindi na Martha ameshaniita mara mbili. Nikuage. Karatasi hii nitaizika hapa chini ya msalaba, juujuu tu, usichoke kuchimba. Ninakuahidi haya: ngano ikivunwa, kila mwaka nitakwenda Basotu na ufito huu wa bei nafuu, nitakaa kulia kwa jiwe lako, na nitakayempata ataliwa hapa, hata kama ni wa kiganja. Boya lako sitalibadilisha mpaka nije nalo mwenyewe. Na ufito huu sitampigia kiumbe, hata yule mwekundu akila shamba zima.

Nimevua, Magesa. Kwa mkono wangu. Najua wewe ni mtu wa kutimiza neno lako, labda sauti tu ndiyo haifiki huku. Kwa hiyo mimi nakuitikia.

Marahaba.

Tluway